Vietnam Amemwaga Kahawa

Likizo yetu ni ya wiki moja tu, na mume wangu Ezra si mtu wa kubahatisha. Tangu tukubaliane kwamba safari hii, ya kwanza kututoa nje ya Afrika, itakuwa ya Asia ya Kusini-Mashariki, kila jioni akirudi kazini anavua viatu, anajitupa kwenye kochi na kuanza kunisomea simu yake. Thailand ina fukwe na vyakula vya barabarani, ila kila anayekwenda huko anarudi na picha zilezile. Indonesia ni nzuri, lakini ni visiwa juu ya visiwa, na siku zetu zitaishia viwanja vya ndege. Vietnam huwa anaisoma mwisho, harakaharaka, ili tu isionekane ameionea.

Juzi akaniambia kwa ukali wa kirafiki kwamba nichague au achague yeye. Nilikuwa jikoni natafuta chumvi kwenye kabati la juu. Mkono ukagusa kifurushi cha majani makavu ya mgomba kilichofungwa kwa kamba ya mgomba huohuo, na kabla sijakishusha harufu ilikwishashuka yenyewe: moshi, majani ya porini, kahawa iliyochemshwa ikiwa bado haijaiva vizuri. Hiyo ndiyo akamwani, kahawa yetu ya kutafuna. Kifurushi hicho ni cha mwisho kupikwa na bibi yangu, maana tumemzika mwaka huu. Nilisimama pale jikoni Mwanza, chumvi nikaisahau.

"Vietnam," nikasema.

"Vietnam kuna nini?"

"Kuna mtu natakiwa kula naye kahawa."

"Mtu gani tena, Koku?"

"Vietnam mwenyewe."

Ezra ni mtu wa Singida, kwao ni alizeti na vitunguu. Alinitazama jinsi anavyonitazama ninapoanza kuongea Kinyambo usingizini. Ikabidi nizime jiko, nikae, nimweleze. Na nilipokuwa nikimweleza nikawaza kwamba sisi wa rika langu, tuliokulia kwenye nyumba za kahawa, huenda wengi tulilijua jina hilo kabla ya kuiona ramani ya dunia.

Kwetu ni Nyaishozi. Nyumba yetu iko juu kidogo ya barabara, imezungukwa na migomba, na kati ya migomba ilikuwapo mibuni ya Bibi. Ilikuwa ya mafungu mawili. Ya chini ilishuka hadi barabarani, hiyo ilikuwa mingi. Ya uani ilikuwa michache, mizee, yenye matawi yaliyoinama hadi mtoto aliweza kujificha ndani yake akaitwa mpaka watu wakachoka. Msimu wa kuvuna, ua wote ulifunikwa kwa mikeka yenye kahawa, nayo ilipopigwa na jua ilitoa harufu tamu iliyochachuka kidogo, iliyoingia kwenye nguo, kwenye blanketi, hata kwenye uji. Kazi yangu ilikuwa kufukuza kuku. Niliifanya kwa moyo wote, na sidhani kama kuna kuku aliyewahi kuniogopa.

Bibi hakuiuza yote. Kabla haijaiva sawasawa alichuma ya kwake, akaichemsha na majani aliyoyajua mwenyewe, akaikausha juu ya moshi. Mgeni akifika, kabla hajaulizwa shida yake, aliletewa akamwani kwenye kikapu kidogo kama kiganja. Mgeni akachukua, akatafuna, ndipo maneno yakaanza. Nyumba isiyo na akamwani, alisema Bibi, ni nyumba inayomwambia mtu aseme akiwa amesimama.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa darasa la pili. Nakumbuka Tata, yaani baba yangu, akirudi alasiri kutoka kwenye chama cha ushirika alikopeleka kahawa, na baiskeli yake ikiwa bado na gunia nyuma. Hatukuwahi kumwona akirudi na gunia lililojaa. Aliliegemeza ukutani, akaketi kizingitini, akamwambia mama yangu maneno ambayo nimeyabeba maisha yangu yote.

"Bei ameanguka. Wanasema Vietnam amemwaga kahawa sokoni."

Hapa sina budi kueleza Kiswahili cha Tata. Nyumbani tulisema Kinyambo. Lakini mambo ya bei, ya ofisi na ya serikali Tata aliyasema kwa Kiswahili, kana kwamba hakutaka yaingie ndani ya lugha ya mama yake. Na Kiswahili chake alikiokota sokoni na kanisani, hakukipata darasani. Kwake kila kilichokuwa na nguvu kilipewa "a". Mvua amekuja. Trekta amekwama. Bei ameanguka. Mimi mvua nilimjua, na bei nilizoea kusikia habari zake, hivyo hawakunisumbua. Ila Vietnam sikumjua. Na wiki ileile mwalimu alikuwa ametuimbisha darasa zima: mtoto anacheza, kiti kimevunjika, "a" ni ya mtu na mnyama. Ng'ombe hawezi kumwaga kahawa akaleta balaa la namna hii. Kwa hiyo alikuwa mtu.

Siku ya gulio nilimsindikiza mama kwenda kununua mafuta ya taa, na njia nzima nilitazama chini. Nilitaka kuona hiyo kahawa iliyomwagika. Sokoni Nyaishozi niliona maganda ya miwa, maharage machache yaliyodondoka kwenye turubai la mtu, na kinyesi cha mbuzi. Kahawa hakuna. Nikahitimisha kwamba watu walishaifagia, na kwamba huyo Vietnam alikuwa mtu mzembe sana, mrefu, mwenye koti kubwa lililotoboka mifuko, maana kahawa yote hiyo angeibebea wapi kama si mifukoni? Nilimchukia kabisa. Sisi tulipigwa kwa kumwaga sahani moja ya kahawa, yeye amemwaga hadi Tata ameacha kula.

Tata kweli aliacha kula vizuri. Usifikirie kwamba alikuwa mtu mkali. Alikuwa mpole, anayeimba besi kwenye kwaya yetu ya Kilutheri, na upole wake ndio ulionitisha siku alipomkuta Bibi akipukuchua maharage akasimama mbele yake.

"Mama, nimeamua. Mibuni naikata. Yote. Nitapanda maharage na mahindi, angalau hayo tunayala."

Bibi hakuinua kichwa. "Na mgeni akija nimpe nini? Atafune hindi bichi?"

"Mgeni hasomeshi watoto, mama. Koku anahitaji sare. Mdogo wake anakuja nyuma."

"Hii ya uani niliipanda nikiwa na wewe tumboni, Petro. Mkwe wangu alinionyesha kiwanja, akasema panda, nami nikapanda huku natapika. Mnalingana umri."

"Najua, mama."

"Kama unajua, kwa nini unaniambia?"

Tata aligeuka. Nilikuwa ndani ya mbuni mmojawapo, nimejificha, nikaona tu miguu yake ikiondoka. Kisha nikaona jambo ambalo sikuwahi kuliona: Bibi alifuta macho kwa ncha ya kanga, akaendelea na maharage. Sijui kama naweza kueleza ilivyokuwa. Bibi ndiye aliyekuwa anatufuta sisi machozi. Nikajua lazima huyo Vietnam apatikane.

Dawa yake niliipata kwa Bibi mwenyewe, tena siku chache tu baadaye. Alikuwa akichambua akamwani, akapasua moja kwa meno akanionyesha ndani. Punje mbili zilikuwa zimelala, tumbo kwa tumbo.

"Waone ndugu hawa," akasema. "Zamani watu wawili walipotaka kuwa ndugu walifanya omukago. Palikuwa na wembe, na damu, na wazee wa kushuhudia. Wakagawana tunda moja, kila mtu punje yake. Wakishakula basi, hawawezi kudhuriana tena. Anayemdhuru mwenzake, tumbo linavimba."

"Hata mtu anayemwaga kahawa?"

Nadhani Bibi alidhani nasema habari za mdogo wangu, ambaye asubuhi ile alikuwa ameupindua mkeka mzima wa kahawa. Alicheka. "Hasa huyo! Rafiki yako unakula naye omukago wa nini? Kula naye yule anayekuharibia."

Niliomba tunda moja. Akanipa nono, nami nikalitia kwenye kiberiti kitupu. Tangu siku hiyo, nikitoka shule nilikaa kwenye jiwe pale njia yetu inapokutana na barabara, nikimngoja Vietnam apite. Baiskeli zilipita, wafugaji walipita na ng'ombe wao, pikipiki za kutoka upande wa Murongo, mpakani, zilipita na mizigo iliyofunikwa, na wote nikawatazama mifuko.

Alikuja alasiri moja akiwa anasukuma baiskeli. Alikuwa mrefu. Alikuwa na koti refu la zamani, limejaa vumbi jekundu hadi mabegani. Nyuma ya baiskeli alikuwa amefunga kamba, panga na shoka. Akasimama mbele yangu akihema.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, mama. Hapa ndipo kwa Petro, yule wa kwaya?"

"Ndipo. Wewe ndiye Vietnam?"

Kwetu mtu mzima akiulizwa swali la ajabu na mtoto hakatai, anaingia kwenye mchezo. Yule bwana alijikohoza, akajinyoosha. "Ndiye mimi. Nani kakwambia nakuja?"

"Tata. Amesema umemwaga kahawa."

Akaingiza mikono mifukoni, akaigeuza mifuko nje. Yote miwili ilikuwa imetoboka. "Aa, kumbe! Ndiyo maana nafika kila mahali mikono mitupu."

Nilikuwa nimemwaza sawasawa, hadi mifuko. Nikafungua kiberiti, nikamwambia apasue kwa meno, punje moja yake na moja yangu. Alifanya hivyo huku anacheka, akanipa yangu kwa heshima zote, akatafuna yake. Nami nikatafuna. Ilikuwa chungu kuliko nilivyotarajia, nikaimeza hivyohivyo. Kisha nikamwongoza hadi nyumbani kwa maringo makubwa, kwa kuwa vita imekwisha na mimi ndiye niliyeimaliza.

Bibi alikuwa uani, Tata naye. Kikapu kikaletwa kama kawaida. Mgeni aliponyoosha mkono nikasema, "Bibi, huyu ameshakula. Tumekula mimi na yeye, tunda moja."

Mkono wa Bibi ukasimama hewani. "Tunda moja?"

"Moja. Amepasua yeye."

"Mtoto wenu ana mambo!" mgeni akasema, bado anacheka. "Kanisimamisha barabarani, kaniita Vietnam."

Bibi hakucheka. Alimwekea kigoda, akamwuliza jina na kwao. Akasema anaitwa Filbert, mchoma matofali wa Kituntu.

"Na umekuja kwa heri, mwanangu?"

"Kwa heri, mama. Nimeitwa na Petro. Tanuri langu linangoja kuni, naye amesema ana mibuni ya kukata. Tumeshaelewana." Akaonyesha kwa kidevu, kwanza ile ya chini, kisha ile ya uani.

Hakuwa amekuja kuokota kahawa yake. Alikuwa amekuja na shoka. Nikamtazama Bibi, na Bibi alikuwa anamtazama Filbert kwa utulivu kabisa.

"Basi kakate," akasema. "Mimi sikuzuii. Mtoto amekupa, nawe umekula. Tumbo ni lako."

Cheko lilimtoka Filbert usoni taratibu. Alitazama kikapu, akanitazama mimi, akalitazama shoka lake.

"Mama," Tata akasema, "huo ni mchezo wa mtoto."

"Sijasema si mchezo."

Kuku mmoja akapanda mkekani, na sikumfukuza. Hatimaye Filbert akasimama, akajipangusa koti.

"Petro, mimi ni Mkristo, na ninajua kabisa kwamba ni mchezo," akasema. "Lakini shoka sinyanyui."

Akaaga mmoja mmoja. Mimi akanishika kichwa, akasema, "Haya, ndugu yangu," bila kucheka hata kidogo, akaishusha baiskeli yake njiani bila kuni.

Ningependa kusema mibuni yote ilipona. Haikupona. Tata alikuwa na neno lake, na watoto wa kuwavika sare, na maharage kweli tuliyala. Siku zilizofuata alikata mwenyewe ile ya chini. Sauti ya panga ilianza asubuhi, ikapanda kilima kidogo kidogo kutuelekea. Siku panga lilipofika uani, Bibi alichukua kikapu chake akaenda kuchuma pale pale, ingawa hakukuwa na cha kuchuma, msimu ulikwisha. Tata akatoka kwenye migomba, jasho linamtiririka, akamkuta. Wakasalimiana kama watu waliokutana njiani. Tata akasimama kitambo mbele ya mibuni iliyolingana naye umri. Kisha akaingia ndani, akaomba maji ya kunawa, akauliza kama chakula kiko tayari. Ile ya uani haikuguswa siku hiyo wala nyingine yoyote, na hatukuwahi kuizungumzia.

Mimi niliamini ni omukago. Kilichonikera ni kwamba msimu uliofuata Tata alirudi tena kutoka kwenye chama, na kahawa kidogo ya uani, na kusema, "Vietnam bado anamwaga." Nilikasirika sana. Na bahati mbaya ya Filbert, Krismasi ile alikuja kutusalimia akiwa na jogoo, kwa sababu mtu akishaitwa ndugu hana budi kufika. Nikamkabili mlangoni. "Mbona bado unamwaga, nasi tulikula?" Ikabidi aketi chini anieleze kwamba yeye ni Filbert tu. Nikalia. Akanibembeleza kwa kuniahidi kwamba jina hilo atalibeba hivyohivyo, na kweli alilibeba. Hadi leo Kituntu nzima inamwita Vietnam, wengi hata hawajui kwa nini. Juu ya kaburi la Bibi ni yeye aliyepanga matofali, mwenyewe, na kufuta kila moja kwa mkono.

Huyo wa kweli nilikutana naye darasa la tano. Mwalimu alitundika ramani, akapitisha fimbo kwenye nchi nyembamba iliyojikunja pembeni mwa bahari, akalitaja jina. Nikasimama kabla ya kujua nimesimama. Mwalimu akauliza kuna nini, nikaomba ruhusa kwenda chooni. Baada ya kipindi nikamfuata. Akaniambia ni nchi, ina watu, na watu hao ni wakulima kama sisi, wanalima mpunga na kahawa, kahawa wanaianika uani.

Nilimpelekea Bibi habari hizo mbio. Alinisikiliza akiendelea kufunga akamwani kwenye majani.

"Wanaianika uani?"

"Mwalimu amesema."

"Na watoto wanafukuza kuku?"

Sikuwa nimeuliza hilo. Nikasema ndiyo, nadhani.

Bibi akakaza kamba kwa meno. "Basi hawakumwaga. Wameuza tu." Akanikabidhi kifurushi nikiweke kapuni. "Lakini huyo hujala naye bado. Ukimwona, kula naye."

Hayo ndiyo niliyomweleza Ezra, jiko likiwa limezimwa na viazi vimepoa. Alichukua simu yake, akafunga Thailand, akafunga Indonesia. Kisha akasema nimpigie baba yangu, maana mambo kama haya mzee asisikie kwa watu.

Tata amezeeka, na sauti yake ya besi sasa inakwaruza. Nilimwamkia, nikamwuliza migomba, nikamwuliza mgongo. Nikamwambia tunasafiri, likizo fupi, tunakwenda kutembea Vietnam. Upande wa pili nikasikia kuku, nikasikia mtu akivuta kigoda.

"Vietnam yule?" akauliza. Aliuliza kwa Kiswahili.

"Yule yule, Tata."

"Utabeba akamwani ya mama?"

"Nitabeba."

Akakohoa.

"Msalimie," akasema. "Mwambie ya uani sikuikata."

Nikamjibu kwamba nitamwambia.